Mtoto ana usonji na kipimo kimesoma AS: je, kimoja ndicho kilicholeta kingine?

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka mitano na tumeambiwa ana usonji. Katika vipimo vingi alivyofanyiwa, kimoja kimesoma AS, na mimi nilipopimwa nikakutwa AS pia. Mama mkwe anasema damu yangu ndiyo iliyomharibu mtoto. Shemeji yangu yuko chuo, yeye anasema watafiti hawajaona uhusiano wowote, kwa hiyo imethibitishwa kuwa haupo, tufunge mjadala. Nimsikilize nani? Na nyinyi wataalamu mnajuaje kwamba kitu fulani hakisababishi kingine? Nina mimba ya miezi minne na nina hofu. Msomaji, Mwanza.

Jibu: Marahaba, mama, na hongera kwa ujauzito.

Nakupa jibu kabla ya maelezo, maana nadhani umelisubiri vya kutosha. Kuwa mbebaji wa selimundu, yaani kuwa na AS (nakala moja ya jeni yenye S, ya selimundu, na moja ya kawaida, A), siyo kulikomletea mwanao usonji. Damu yako haikumharibu. Mama mkwe amekosea. Shemeji amefika mahali sahihi, ila njia aliyopita ni mbovu, na njia hiyohiyo siku nyingine itamfikisha pabaya. Kwa kuwa umeuliza swali ambalo hata baadhi ya wanafunzi wetu wa udaktari hulikwepa, nitalijibu kwa kirefu.

Tuanze na jinsi mambo haya mawili yalivyokutana kwa mtoto mmoja. Jirani zetu Uganda walipima damu za watoto wadogo zaidi ya 97,000 kati ya mwaka 2014 na 2015. Walikuta watoto 13.3 katika kila 100 ni wabebaji, wana AS kama wewe, na 0.7 katika 100 wana ugonjwa wenyewe, yaani SS. Usonji nao, kwa makadirio ya kimataifa, humpata takriban mtoto 1 katika 100. Sasa chukua watoto 100,000 wa nchi yenye viwango hivyo. Wenye usonji watakuwa kama 1,000, na kati yao kama 133 watakuwa na AS bila kimoja kumgusa mwenzake. Nchi nzima itakuwa na maelfu ya akina mama wanaoshika karatasi mbili kama zako, na karibu kila mmoja atakuwa na ndugu wa kumwambia kwamba hiyo haiwezi kuwa bahati tu.

Halafu kuna suala la nani anayepimwa. Mtoto anayechelewa kuongea hupelekwa hospitali, na huko hutolewa damu mara nyingi kuliko mtoto wa jirani anayecheza mpira uwanjani. Mtoto wa jirani anaweza kuwa na AS vilevile, ila hakuna aliyewahi kumtazama. Ukihesabu tu wagonjwa waliofika kliniki, utaona AS na usonji vikiandamana zaidi kuliko vinavyoandamana mtaani. Mtakwimu wa Marekani, Joseph Berkson, alilieleza tatizo hili mwaka 1946: magonjwa mawili yasiyohusiana kabisa yanaweza kuonekana yanahusiana, ilimradi umewahesabu watu waliolazwa hospitali tu. Takwimu zilizokusanywa kliniki zimewafunga watu wengi macho kwa namna hii, na wengi wao si wajinga.

Hapo hoja ya mama mkwe inaishia. Ya shemeji ndiyo yenye kazi.

Tuseme mtafiti amekusanya watoto 60 wenye AS, amewachunguza wote, na hakuna hata mmoja mwenye usonji. Anaandika kwamba hajaona uhusiano. Je, amethibitisha kuwa haupo? Kama usonji ni 1 kwa 100, katika watoto 60 wa kawaida kabisa, wasio na AS, utarajie kukuta mtoto 0 au 1. Zaidi ya nusu ya majaribio ya ukubwa huo yatakosa kabisa. Hata kama AS ingekuwa inaongeza uwezekano wa usonji mara mbili, bado karibu majaribio 3 katika 10 yangetoka patupu. Takwimu zina kanuni rahisi ya kukumbuka: ukichunguza watu kadhaa na tukio lisitokee kabisa, gawanya 3 kwa idadi yao, utapata kiwango cha juu ambacho bado kinawezekana. Hapa ni 3 kwa 60, yaani 5 kwa 100. Utafiti huo hauwezi hata kukataa kwamba AS inaongeza usonji mara tano! Mvuvi aliyerudi na nyavu za sangara hawezi kutangaza kwamba ziwa halina dagaa. Kwanza atuambie matundu ya wavu wake yalikuwa makubwa kiasi gani.

Ndiyo maana mtu akiniambia “utafiti haukuona uhusiano”, swali langu la kwanza ni: uhusiano wa ukubwa gani ungeonekana kama ungekuwepo? Asiponijibu, hajaniambia kitu.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huo, na wasomi wenyewe huuingia. Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi mkubwa wa jeni za watu zaidi ya 35,000, karibu 12,000 kati yao wakiwa na usonji. Zikatajwa jeni 102 zinazohusishwa na usonji. Jeni ya HBB, ile iliyo kwenye kromosomu ya 11 ambayo badiliko lake dogo huleta selimundu, haimo. Shemeji angeweza kuidaka orodha hiyo kama ushahidi wake, nami ningemzuia. Wengi wa waliochunguzwa walikuwa wenye asili ya Ulaya, ambako S ni adimu sana. Tena mbinu yenyewe ilitafuta hasa mabadiliko adimu yanayovuruga jeni, si badiliko la zamani lililoenea kwa mamilioni ya watu kama hili. Usipouliza, kutopata jibu si jibu. Kwetu Afrika jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu tafiti nyingi za jeni zinazonukuliwa mitandaoni hazikutuhesabu.

Je, kuna “hakuna” inayoaminika? Ipo, na mfano mzuri hautoki kwenye jeni bali kwenye chanjo. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, na wenzake walichapisha habari za watoto 12 wakidokeza kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela inahusiana na usonji. Jarida liliifuta makala hiyo mwaka 2010. Ila makala kufutwa hakuthibitishi kwamba uhusiano haupo. Kunaondoa dai tu. Kilichomaliza kazi ni hesabu. Mwaka 2019 Wadenmark walitoa matokeo ya watoto 657,461 waliofuatiliwa tangu wakiwa wadogo. Waliochanjwa walipata usonji kwa kiwango cha 0.93 ukilinganisha na wasiochanjwa (1 ingekuwa sawasawa), na ukiweka nafasi ya bahati pande zote mbili, jibu linaangukia kati ya 0.85 na 1.02. Namba ya kuitazama ni ile ya mwisho. Inasema kwamba kama chanjo ingekuwa inaongeza usonji, nyongeza hiyo ingekuwa vigumu kuzidi 2 kwa 100 ya uwezekano uliokuwepo tangu mwanzo. Hivyo ndivyo “hakuna” ya kisayansi inavyofanana: haisemi sifuri kamili, inasema kama kipo, ni kidogo kuliko hiki. Anayetaka sifuri kamili hatapewa na utafiti wowote, hata ukihesabu dunia nzima.

Turudi kwenye jeni. Hapa sisi tuna bahati ambayo watu wa chanjo hawana. Mzazi mwenye AS akizaa na mwenye AA (nakala zote mbili za kawaida), kila mtoto anapata S au A kutoka kwa yule mbebaji kwa nasibu tupu, nusu kwa nusu. Utajiri hauingii hapo, wala kabila, elimu ya mama, au umbali wa nyumba yao kutoka hospitali. Watoto wa tumbo moja wamegawiwa na maumbile yenyewe. Linganisha hilo na Marekani, ambako takriban mtoto 1 katika 13 wa Wamarekani Weusi huzaliwa na AS. Ukilinganisha wenye AS na wasio nayo nchi nzima, utakuwa umelinganisha Weusi na Wazungu bila kujua, pamoja na tofauti zote za kipato na za nani anawahi kupata daktari wa kumtambua mtoto. Uhusiano utaonekana, au utafichika, kwa sababu zisizohusu damu hata kidogo.

Nguvu ya kulinganisha ndugu ilionekana wazi Sweden mwaka 2024. Walifuatilia watoto karibu milioni 2.5. Wale ambao mama zao walitumia parasetamoli wakati wa ujauzito walionekana kuwa na usonji zaidi kidogo, 1.05. Walipolinganishwa watoto wa mama mmoja, mimba moja mama alitumia dawa na nyingine hakutumia, tofauti ikayeyuka: 0.98. Dawa ilikuwa inasingiziwa mambo ambayo familia tayari ilikuwa nayo.

Kwa selimundu ningepima hivi. Ningetafuta familia 400 ambazo mzazi mmoja ni AS, mwingine ni AA, na wana mtoto mwenye usonji. Kisha ningeuliza swali moja tu: ni watoto wangapi kati ya hao 400 waliorithi S? Kama AS haihusiki, watakuwa karibu 200, na bahati inaweza kuwapeleka kati ya 180 na 220. Kama AS inaongeza uwezekano mara mbili, wangekuwa kama 267, jambo lisiloweza kufichika. Kama inauongeza kwa 10 kwa 100 tu, wangekuwa kama 210, na hapo nisingeweza kuutofautisha na bahati. Kwa hiyo nikikuta 200, nina haki ya kusema “si mara mbili, wala si mara moja na nusu”. Sina haki ya kusema “si hata chembe”. Ningependa sana kuona hesabu hii ikifanyika Kanda ya Ziwa, maana familia tunazo, na kipimo cha AS ni cha bei nafuu.

Kuna utata mmoja nisioweza kuupita kimya, ingawa ni wa pembeni kidogo. AS si mzigo mtupu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa damu za Afrika Mashariki kwamba wabebaji wanakingwa dhidi ya malaria, na baadaye watafiti wa Kilifi walikuta kinga hiyo ikikaribia 90 kwa 100 kwa malaria kali. Sasa malaria ikipanda kichwani, baadhi ya watoto wanaopona hubaki na degedege, ugumu wa kujifunza au kupoteza maneno waliyokuwa nayo. Maana yake mtoto mwenye AS ana njia moja ya kuumia ubongo ambayo kwake imezibwa kwa sehemu kubwa. Ukihesabu matatizo yote ya ukuaji wa ubongo kwa pamoja bila kutenganisha usonji na mengine, AS inaweza kuonekana kama inakinga. Na kama kungekuwa na madhara madogo upande wa pili, kinga hiyo ingeweza kuyafuta kwenye hesabu ukapata sifuri ya uongo. Namba moja ya mwisho inaweza kuficha njia mbili zinazovutana, na hiyo ndiyo sababu hatuachi kuuliza mwili wenyewe unafanyaje kazi.

Na mwili unasemaje? Kwa mwenye AS, himoglobini ya S huwa chini ya nusu, kwa kawaida 35 hadi 40 kwa 100. Katika maisha ya kawaida seli zake nyekundu hazijikunji kama mundu, mishipa haizibi, ubongo unapata hewa yake. Jeni ya HBB kazi yake ni kutengeneza himoglobini kwenye seli nyekundu. Si fundi wa kuunganisha mishipa ya fahamu tumboni. Dunia ina wabebaji wanaokadiriwa kuwa milioni 300, na hakuna ulemavu wa ukuaji unaowafuata kama kivuli.

Uhusiano wa kweli kati ya jeni na usonji hauhitaji kutafutwa kwa tochi. Kuna ugonjwa unaotokana na hitilafu kwenye jeni za TSC1 au TSC2, unaootesha vivimbe kwenye ubongo, ngozi na figo. Takriban 40 hadi 50 katika kila 100 ya wenye ugonjwa huo wana usonji, dhidi ya 1 katika 100 ya watu wengine. Kuna hitilafu ya jeni ya FMR1 iliyo kwenye kromosomu ya X, iliyotambuliwa mwaka 1991, ambayo nayo huleta usonji kwa wavulana wengi wanaoirithi ikiwa kamili. Magonjwa hayo yanagusa moja kwa moja namna seli za ubongo zinavyokua na kuwasiliana. Ukiweka pamoja mambo haya, kwamba kukutana kwa AS na usonji kunaelezeka kwa bahati na kwa namna watu wanavyopimwa, kwamba AS haifanyi chochote kinachojulikana kwenye ubongo wa mtoto anayekua, na kwamba uhusiano mkubwa usingejificha katika mamilioni ya wabebaji, ndipo ninapokwambia bila kusita kwamba AS haikumletea mwanao usonji. Hoja hizi zinabebana. Moja peke yake isingenitosha.

Usije ukayahamishia haya kwenye SS, tafadhali. Hapo “hakuna uhusiano” ni uongo wa hatari. Mtoto mwenye SS anaweza kupata kiharusi. Kabla ya uchunguzi wa kinga kuanza, Marekani walikuta 11 katika 100 wamepata kiharusi kabla ya kufika miaka 20. Zaidi ya theluthi hupata majeraha madogo ya ubongo yasiyoonekana kwa macho, yanayogunduliwa kwa picha tu, na baadaye mwalimu analalamika kwamba mtoto hatulii, hasikilizi, anasahau. Huo ni uhusiano wa kisababishi, ila unapitia kwenye mishipa ya damu na si kwenye jeni za ubongo, na kwa sababu hiyo unazuilika: mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba watoto wanaopimwa mishipa ya kichwa kwa mawimbi ya sauti, na wale wanaokutwa hatarini wakaongezewa damu mara kwa mara, hupunguziwa kiharusi cha kwanza kwa zaidi ya 90 kwa 100. Mzazi wa mtoto wa SS akiambiwa “selimundu haihusiani na akili”, amenyimwa kinga.

Na mama mkwe? Usonji kweli una urithi mwingi. Utafiti wa mwaka 2019 wa nchi tano, wenye watu zaidi ya milioni mbili, ulikadiria karibu 80 kwa 100 ya tofauti kati ya watu inatokana na jeni. Lakini jeni hizo ni mamia, nyingine zimeanza upya kwa mtoto mwenyewe, nyingine zimetoka kwako, nyingine kwa mumeo, ambaye ni mtoto wake. Sikwambii hivyo ili mgombane. Ila akitaka kuzungumzia damu, azungumzie ya pande zote mbili.

Sasa mimba yako. Uwezekano wa mtoto huyu kuwa na usonji ni takriban 20 katika 100, kwa sababu kaka yake anao, na AS haiupandishi wala kuushusha. Mfuatilieni mapema: akifika mwaka mmoja bila kuitika jina lake au kuonyesha kitu kwa kidole, akifika miezi 16 bila neno hata moja, au akipoteza maneno aliyokuwa nayo, msisubiri mtu awaambie kwamba wavulana huchelewa. Huyo mkubwa, kama hajapimwa masikio, apimwe. Mwambieni pia daktari achunguze ngozi yake kama ana mabaka meupe, na muulize kama degedege limewahi kumshika. Hayo ndiyo yanayoweza kuelekeza kwenye magonjwa ya jeni niliyoyataja.

Kipimo kilichobaki ni cha mumeo, na hicho kina maana kuliko ubishi wote wa nyumbani. Kama ni AA, hakuna mtoto wenu atakayekuwa na SS. Kama naye ni AS, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya SS, na huyu aliye tumboni hayumo nje ya hesabu hiyo. Nendeni naye kliniki ya wajawazito safari ijayo, apimwe. Majibu yakitoka AS, ombeni mtoto apimwe mara tu akizaliwa, kwa sababu mwenye SS huanzishiwa penisilini ya kinga akiwa na takriban miezi miwili, na dozi hiyo haina maana ikisubiri mpaka aumwe.